Mafaili yote yanaitwa setup.exe: nitajuaje lipi ni lipi?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Ukerewe, na ndiye niliyekabidhiwa chumba cha kompyuta. Fundi mmoja wa Mwanza aliyefunga duka lake ametuachia diski ya nje ya GB 500 iliyojaa programu za kuinstoli, kazi yake ya zaidi ya miaka kumi. Tatizo ni kwamba nusu ya mafaili yanaitwa setup.exe, mengine "office mpya", mengine "usifute". Bando la kudaunlodi vyote upya hatuna. Mpwa wangu aliyeko chuo amenionyesha amri ya Get-FileHash akaniambia hashi ndiyo alama ya kidole ya faili. Nimejaribu kwa mafaili matano. Mawili yametoa herufi zake tofauti, lakini matatu yenye majina yasiyofanana hata kidogo yametoa kitu kilekile, kinaanza E3B0C44298FC1C14. Je, ni programu moja? Na nikishapata hizo herufi, nazipeleka wapi zinipe jina?

JIBU: Marahaba, mwalimu. Nianze na hayo matatu, maana ndiyo mepesi. Ni matupu. Faili lisilo na kitu ndani, baiti sifuri, ukilipigia hashi ya SHA-256 linatoa hii hapa siku zote, kwa kompyuta yoyote:

e3b0c44298fc1c149afbf4c8996fb92427ae41e4649b934ca495991b7852b855

Herufi kubwa au ndogo si kitu, PowerShell (lile dirisha la Windows la kuandikia amri) hupenda kubwa. Sisi tunaoshinda na mambo haya tunaitambua kwa macho, kama kondakta anavyomtambua abiria anayeshuka Buzuruga kila jioni. Tazama ukubwa wa hayo mafaili, utakuta 0. Huenda umeme ulikatika wakati fundi anakopi, au diski ilichomolewa mapema. Yafute, hayana hasara.

Lakini usiyafute kabla hujaona yanachokufundisha. Majina matatu, hashi moja. Jina la faili halimo kwenye hesabu ya hashi. Tarehe haimo, folda haimo. Kinachohesabiwa ni yaliyomo ndani tu, baiti kwa baiti. Kwa hiyo fundi angeliita faili la VLC "usifute" au "harusi ya Nyegezi", hashi yake ingebaki ileile aliyoitoa mtengenezaji. Hapo ndipo tumaini lako lilipo: majina yamepotea, yaliyomo hayajapotea.

Sasa mpwa wako. Amesema kweli, ila ameishia nusu ya njia. Unakumbuka mwaka 2019 tulivyopanga foleni kusajili laini za simu kwa vidole? Kidole chako kilipobonyezwa kwenye kile kimashine, chenyewe hakikusema jina lako. Jina lilitoka kwenye daftari la NIDA, baada ya kidole kulinganishwa na kilichohifadhiwa kule. Aliyekuwa hajaandikishwa NIDA alikuwa na kidole kizima kabisa, na hakikumsaidia. Hashi iko hivyohivyo. Herufi 64 ulizopata hazina jina ndani yake, na huwezi kuzigeuza zikurudishie faili. Zinapata maana siku unapozilinganisha na orodha ya mtu aliyeliona faili hilo kabla yako na akaandika ni nini. Kwa hiyo swali lako la pili, "nazipeleka wapi", ndilo hasa lenye kazi.

Kwa nini tunaiamini alama hii? SHA-256 hutoa namba yenye biti 256. Idadi ya namba zinazowezekana ukiiandika kwa ukamilifu ina tarakimu 78. Ukibadilisha biti moja tu katika faili la gigabaiti nne, karibu nusu ya biti za hashi zinageuka, wala huoni uhusiano wowote kati ya ile ya kwanza na ya pili. Mpaka leo hakuna aliyewahi kuonyesha mafaili mawili tofauti yenye SHA-256 moja. Zikifanana zote 64, chukua kwamba ni faili lilelile.

Kabla ya kwenda intaneti, fanya kazi ya nyumbani kwanza. Chomeka diski kwenye kompyuta ambayo haina matokeo ya wanafunzi wala barua za shule, na usifungue faili lolote kwa kubofya mara mbili. Kupiga hashi ni kulisoma faili tu, programu haiamki. Kisha kwenye PowerShell, kama diski yako imejitokeza kwa herufi E, andika:

Get-ChildItem E:\ -Recurse -File | Get-FileHash | Export-Csv $HOME\orodha.csv -NoTypeInformation

Usipoitajia aina ya hashi, amri hiyo hutumia SHA-256. Orodha inahifadhiwa kwenye kompyuta, si kwenye diski yenyewe. Kama diski imejaa na unatumia tundu la USB 3, tegemea kama saa moja na nusu. Kwa USB 2 ni saa nne hadi tano, kwa hiyo ianzishe asubuhi siku ambayo umeme umetulia. Kama kompyuta zenu bado ni Windows 7, huenda Get-FileHash isiwepo. Kule tumia certutil, faili mojamoja:

certutil -hashfile E:\setup.exe SHA256

Ile ya Windows 7 hutenganisha herufi kwa nafasi, zifute nafasi hizo kabla ya kulinganisha.

Ukiipata orodha, ifungue kwenye Excel au LibreOffice na uipange kwa safu ya hashi. Utashangaa. Diski za mafundi huwa na faili moja limekopiwa mara sita, kila mara kwa jina jipya, kwa sababu kila mteja alikuja na flashi yake na kila flashi iliacha kitu. Hashi zinazofuatana zikiwa sawa ni faili moja. Bakiza moja, nyingine futa. Hapo hujatumia hata megabaiti moja ya bando, na mzigo wako umeshapungua.

Hatua ya pili nayo haina bando, na watu wengi huiruka wakikimbilia hashi: saini. Watengenezaji wakubwa wa programu za Windows huzitia saini ya kidijitali, na saini hiyo imo ndani ya faili lenyewe, inasafiri nalo hata likibadilishwa jina. Jaribu hivi:

Get-ChildItem E:\ -Recurse -Include *.exe,*.msi | Get-AuthenticodeSignature | Format-List Path,Status,SignerCertificate

Ukiona Valid, chini yake litakuwepo jina la aliyesaini. Hapo setup.exe yako imeshajitaja yenyewe ni ya nani, bila kuuliza mtu. NotSigned maana yake haina saini, na hilo peke yake si kosa, programu nyingi nzuri za bure za zamani hazikuwa nayo. Neno la kukuogopesha ni HashMismatch. Saini hufungiwa pamoja na hashi ya faili kama lilivyokuwa siku ya kusainiwa, na neno hilo linasema faili limeguswa baada ya hapo. Limeharibika wakati wa kukopi, au mtu ameingiza mkono wake. Mimi sihangaiki kutafuta ni lipi kati ya hayo mawili. Nalitupa.

Yaliyobaki bila jina ndiyo ya kupeleka kwenye madaftari, na madaftari ni ya aina tatu.

La kwanza ni la mtengenezaji mwenyewe. Ubuntu, ule mfumo wa Linux, huweka kando ya kila toleo faili linaloitwa SHA256SUMS. VLC, GIMP na LibreOffice hutangaza hashi za visakinishi vyao, na Microsoft huonyesha hashi za ISO za Windows (ISO ni faili moja lililobeba diski nzima ya kusakinishia) kwenye ukurasa wa kuzipakua. Daftari hili ndilo lenye uzito kuliko yote, lakini linahitaji uwe tayari unadhani faili ni la nani. Ndiyo maana saini inatangulia.

La pili ni la serikali ya Marekani. Taasisi yao ya viwango, NIST, ina kitu kinaitwa NSRL, yaani maktaba ya programu. Hununua au hupokea programu, huzifungua, hupiga hashi ya kila faili lililomo ndani, kisha huchapisha orodha ya bure: hashi, jina la faili, ukubwa, programu ilikotoka. Haikupi programu zenyewe, inakupa orodha tu. Ilitengenezwa kwa ajili ya wapelelezi. Polisi akikamata kompyuta yenye mafaili laki tano, hana haja ya kutazama kila faili la Windows, anayaondoa yanayojulikana na kubaki na ya mwenye kompyuta. Wewe unafanya kinyume chake, unatafuta yanayojulikana ili uyape majina, na orodha ileile inakufaa.

Orodha nzima ni kubwa, makumi ya gigabaiti na kuzidi, usijaribu kuishusha Nansio. Kituo cha usalama wa kompyuta cha Luxembourg, CIRCL, kinaendesha huduma ya kuiuliza hashi mojamoja kwa hashlookup.circl.lu. Unaipelekea MD5 au SHA-1 (hashi za aina ya zamani, nitazirudia) au SHA-256, inakujibu kama inaijua na ni ya kifurushi gani. Swali moja na jibu lake ni maandishi machache, hata kile kibando cha siku kinatosha kwa maswali mengi. Wana pia kichujio unachoweza kukishusha mara moja na kukitumia bila intaneti kabisa. Hicho hakikutajii jina, kinasema tu "hii nadhani naijua" au "hii hakika siijui". Ni kidogo mno ukikilinganisha na orodha yenyewe, na mpwa wako anaweza kukushushia chuoni na kukuletea kwenye flashi akija likizo.

La tatu ni VirusTotal, iliyoanza Hispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Watu wengi wanajua kupeleka faili huko ili likaguliwe na programu nyingi za kukinga virusi kwa pamoja. Wachache wanajua kwamba kisanduku cha kutafutia kinapokea hashi peke yake. Bandika herufi zako 64, na kama kuna mtu duniani aliwahi kulipeleka faili hilo, utaona majina yote lililowahi kuitwa, tarehe lilipoonekana mara ya kwanza, saini yake, na ni programu ngapi zinalitilia shaka. Mafaili ya diski kama yako, ambayo yamepita kila duka la kompyuta kuanzia Makoroboi hadi Igoma, mengi yatakuwa yameshafika huko.

Nikupe onyo hapo hapo. Kupeleka hashi hakutoi faili nje ya kompyuta yako. Kupeleka faili lenyewe kunalikabidhi, na wachunguzi wengine wanaolipia huduma hiyo wanaweza kulishusha. Kisakinishi sawa. Lakini nimewahi kuona ofisi moja inapeleka faili la mishahara ya watumishi "tuone kama lina virusi". Hati za shule zisikanyage huko.

Hapo kuna jambo linalowakatisha tamaa wengi. Unapiga hashi ya faili kubwa la zip au rar ambalo unajua kabisa ndani yake mna programu inayojulikana, na madaftari yote matatu yanasema hayaijui. Sababu ni kwamba zip hiyo aliifunga fundi mwenyewe. Hashi uliyopiga ni ya gunia, na gunia hilo lipo moja tu duniani. Mnunuzi wa dagaa pale Mwaloni Kirumba hatazami dagaa wa juu ya gunia. Anazamisha mkono mpaka chini, maana dagaa waliokaushwa juu ya mchanga huja na mchanga wao. Fanya hivyo: fungua zip, toa vilivyomo, vipigie hashi kimoja kimoja. Hata visakinishi vingi vya .exe vinafunguka kwa 7-Zip bila kuviendesha. Na kwa sababu NSRL nao hufungua vifurushi na kuhesabu vya ndani, hapo ndipo utaanza kupata majibu.

Na hapo pia ndipo pana utamu wenyewe. Tuseme folda ina mafaili 41. Arobaini yanajulikana, yote ni ya kampuni moja, toleo moja. Moja halijulikani popote. Hilo moja ndilo la kutazama. Mara nyingi ni ile kraki, kitu cha kuondoa ulazima wa leseni, na mara nyingi ndiyo iliyobeba kisichotakiwa. Hashi haijakuambia kwamba ni baya. Imekuambia mahali pa kutazama, na kwenye diski ya mafaili elfu kumi hilo ni kubwa. Ushauri wangu, ambao hukuuliza: chochote kinachojiita activator, patch au keygen, usikitafutie jina. Shule ikikosa leseni ya Office, LibreOffice inatosha kufundishia na ni bure.

Visakinishi vichache vidogo vya vivinjari vitakusumbua kwa sababu nyingine. Seva inayokugawia hubandika alama fulani ndani ya faili wakati unalipakua, kuonyesha ulikotokea, hivyo watu wawili wanapata hashi mbili kwa kitu kilekile. Kwa hayo tegemea saini, achana na hashi.

Utakutana na MD5 na SHA-1, maana programu za zamani zilitangazwa kwa hizo. Utazijua kwa urefu: MD5 ina herufi 32, SHA-1 ina 40. Mtu atakuambia zimevunjwa, usiziguse. Ni kweli zimevunjwa, ila uliza zimevunjwa vipi. MD5 ilibuniwa na Ron Rivest mwaka 1991. Mwaka 2004 wataalamu wa China wakiongozwa na Wang Xiaoyun walionyesha mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja. Virusi vilivyoitwa Flame, vilivyogunduliwa 2012, vilitumia udhaifu huo kujifanya vimesainiwa na Microsoft. SHA-1 ilifuata Februari 2017, Google na taasisi ya CWI ya Amsterdam walipotoa PDF mbili zenye hashi moja.

Lakini tazama kilichofanyika katika visa vyote hivyo: mtu mmoja alitengeneza mafaili yote mawili kwa pamoja, kama mama anayezaa mapacha. Hilo linawezekana. Kuchukua faili ambalo limeshatengenezwa na mtu mwingine, tuseme kisakinishi cha 2009, kisha kuunda la pili lenye MD5 yake, hilo hakuna aliyelifanya mpaka leo. Ni tofauti ya kuzaa pacha na kwenda stendi ya Nyegezi kumtafuta mtu asiyekuhusu mwenye vidole vyako. Kwa hiyo ukiwa na faili la zamani, na mtengenezaji mwaminifu alitangaza MD5 yake enzi hizo, na zinalingana, mimi nakubali kwamba ndilo. Kwa faili jipya, au faili ambalo aliyekuletea ndiye pia aliyekuletea hashi, dai SHA-256.

Sasa kuna kosa ambalo hata watu wa kompyuta wenyewe wanalifanya. Kulijua faili si kulisifu. NSRL ni orodha ya vinavyojulikana, haikuwahi kuwa orodha ya vilivyo salama. Ndani yake zimo hata zana za udukuzi, kwa sababu nazo ni programu na mtu amezipeleka. Kuna kisa kinachoweza kukuhusu moja kwa moja kwa umri wa diski yako. Mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wa CCleaner, ile programu ya kusafisha kompyuta iliyokuwa kwenye kila flashi ya fundi. Toleo la 5.33 la biti 32 lilitoka likiwa na mlango wa nyuma ndani yake, yaani njia ya siri ya kumwingiza mdukuzi, likiwa na saini halali ya kampuni, kwenye tovuti yao wenyewe. Liligawiwa kuanzia katikati ya Agosti hadi Septemba mwaka ule, na watu zaidi ya milioni mbili walilipata. Ukikuta nakala yake kwenye diski yako, saini inaweza kabisa kusema Valid, hashi italingana na ya faili lililotoka kwa kampuni, na faili ni sumu. Kila kipimo kimesema kweli: hili ndilo faili walilolitoa. Hakuna kipimo kilichoulizwa kama waliolitoa walikuwa wameingiliwa.

Ndiyo maana jina ukishalipata, hatua ya mwisho ni kutafuta habari za toleo hilo kwa jina lake na namba yake. Na hapo hashi inageuka kuwa msaada upya, kwa sababu baada ya kisa kama hicho wachunguzi huchapisha hashi za mafaili mabaya. Alama ileile iliyolipitisha faili jana ndiyo inayolikamata leo, popote lilipo, hata kama mtu amelibadilisha jina.

Kuna suala la njia pia. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint iliingiliwa, na viungo vya kupakulia vikaelekezwa kwenye ISO iliyotiwa mlango wa nyuma. Fikiria: aliyeweza kubadilisha kiungo anaweza kubadilisha na hashi iliyoandikwa chini yake kwenye ukurasa uleule. Ukichukua faili na hashi mahali pamoja, umethibitisha tu kwamba faili halikukatika njiani. Kuthibitisha asili, hashi ije kwa njia nyingine. Miradi mikubwa ya Linux hutatua hili kwa kuisaini orodha yenyewe ya hashi, na Ubuntu wana faili la pili, SHA256SUMS.gpg, kwa kazi hiyo. Ukiweka programu kwa apt, ile amri ya Ubuntu ya kusakinishia, ukaguzi huo wote unafanyika wenyewe na hata huuoni.

Kwa mtu wa kisiwani kuna njia nyepesi zaidi ambayo naipenda sana. SMS moja ina herufi 160. SHA-256 ni 64. Hashi mbili zinaingia kwenye SMS moja na nafasi ya salamu inabaki. Rafiki yako aliyeko Mwanza mwenye intaneti nzuri anashusha ISO ya gigabaiti tano, anakopi kwenye flashi, anampa mtu anayepanda meli ya Nansio. Wakati meli haijang'oa nanga, anakutumia hashi kwa simu, aliyoisoma kwenye tovuti ya mtengenezaji. Flashi ikifika, unapiga hashi, unalinganisha. Faili limesafiri kwa maji, hashi imesafiri hewani, na aliyeibeba flashi hana la kufanya katikati. Linganisha zote 64, lakini usitumie macho, weka mbili hizo kwenye seli za Excel na uiulize kama ni sawa. Wanaotazama herufi nane za mwanzo na kusema "ndiyo yenyewe" wanajidanganya. Kutengeneza faili linalofanana herufi nane tu ni kazi ndogo kwa kompyuta ya kawaida.

Njia hiyo nilijifunza kwa hasara, na si kwa sababu ya mdukuzi. Miaka ya nyuma niliitwa ofisi moja hapa mjini kuweka Windows kwenye kompyuta nane. Ya kwanza ilikubali. Ya pili ikagoma katikati, ya tatu ikagoma mahali pengine kabisa. Nikabadilisha RAM, nikalaumu hadi voltiji ya umeme. Jioni ya pili, nimechoka, nikapiga hashi ya ISO iliyokuwa kwenye flashi yangu na ile iliyobaki kwenye laptopu nyumbani. Hazikulingana. Nikaipiga tena ile ya flashi: imetoa hashi ya tatu! Flashi ilikuwa feki, imeandikwa GB 64 mgongoni, na ndani haikuwa na uwezo hata wa robo yake. Faili lilionekana limekopika lote, ukubwa sawasawa, jina sawasawa.

Kwa hiyo, mwalimu, faili likikataa kutambulika popote, lipigie hashi mara mbili kabla hujalifikiria vibaya. Ukipata majibu mawili tofauti, achana na faili, shida ni diski, na uanze kuhamisha ulichokwisha kukitambua leoleo.

Ukishapanga orodha, toa yaliyosainiwa, toa yaliyojulikana kwa hashlookup, na yale yatakayobaki nitumie kwa anwani hii hii uliyoulizia. Usinitumie mafaili. Nitumie hashi, ukubwa kwa baiti, na jina alilolipa fundi, hata kama ni "usifute".